Jinsi ya Kuchagua Mada za Kusoma kwa Mtihani wa Jiografia wa Kidato cha Nne

Muhtasari wa Jiografia wa kidato cha kwanza hadi cha nne nchini Tanzania, ule unaoanza na dhana ya jiografia na mfumo wa jua na kuishia kwenye idadi ya watu, makazi na utunzaji wa mazingira, una mada zaidi ya ishirini, na mtahiniwa wa kawaida huwa na masomo mengine sita au zaidi yanayogombea saa zilezile za jioni. Swali la mada ipi isomwe kwanza, ipi ichimbwe na ipi ipitiwe juu juu haliepukiki. Asiyelijibu kwa makusudi huamuliwa na daftari lake: hufungua ukurasa wa kwanza, akausoma mfumo wa jua kwa mara ya tano, na Novemba ikamkuta bado yuko kwenye kilimo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtahiniwa huyo, na unaweza kumfaa pia mwalimu au mzazi anayemsaidia kupanga. Unashika kigezo kimoja, nacho ni kwamba saa moja ya kusoma ipelekwe kwenye mada ambayo, kwa saa hiyo, itakuongezea alama nyingi kuliko mada nyingine yoyote ambayo ungeweza kuisoma. Kigezo hicho kinaonekana chepesi, lakini kinapingana na mazoea mawili yaliyoenea mashuleni, yaani kusoma kile unachokipenda na kubashiri kile kitakachotoka.

Anza na muundo wa karatasi

Kabla ya kufungua kitabu, tafuta muundo wa mtihani unaotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, na kuwekwa kwenye tovuti yake. Katika muundo uliotumika miaka ya karibuni, karatasi ya Jiografia ina maswali 11 yaliyogawanywa katika sehemu tatu. Sehemu A ina alama 16, yaani swali la kwanza lenye vipengele 10 vya kuchagua jibu sahihi na swali la pili la kuoanisha lenye vipengele 6. Sehemu B ina maswali sita ya majibu mafupi yenye jumla ya alama 54, na yote ni ya lazima. Sehemu C ina maswali matatu ya insha yenye alama 15 kila moja, na mtahiniwa hujibu mawili. Miundo hubadilishwa mara kwa mara, na mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 unaingia darasa kwa darasa, kwa hiyo hakikisha kwamba nakala uliyonayo ni ya mwaka wako na kwamba muhtasari unaoufuata ndio uliofundishiwa darasa lako. Mtahiniwa anayerudia mtihani baada ya miaka michache ana sababu zaidi ya kulihakikisha jambo hili.

Ukizitazama namba hizo kwa utulivu, utaona kwamba uhuru wa kuchagua umo ndani ya alama 30 tu, na hata humo unaruhusiwa kuacha swali moja kati ya matatu. Alama 70 zilizobaki hazina hiari yoyote. Kila swali la Sehemu B hubeba takribani alama 9, na kwa kuwa daraja B huanzia alama 65 na A huanzia 75, swali moja la Sehemu B lililoachwa wazi linakaribia kulingana na umbali wote ulioko kati ya madaraja hayo mawili. Ndiyo maana ushauri wa mtaani wa kwamba "nusu ya mada zinatosha" ni wa hatari kwa mtihani huu, hata kama uliwafaa watu waliofanya mitihani yenye hiari nyingi.

Hebu tuipime hatari hiyo kwa Sehemu C peke yake, ambako ushauri huo una nafasi kidogo. Tuchukulie kwamba kuna mada 12 zinazoweza kutungiwa insha, kwamba maswali matatu yanatoka katika mada tatu tofauti, na kwamba kila mada ina nafasi sawa ya kutokea. Ukiacha mada 3, uwezekano wa kukutana na maswali mawili au zaidi usiyoyajua ni takribani asilimia 13, yaani karibu mara moja katika kila nane. Ukiacha mada 4, unafika asilimia 24 hivi. Ukiacha 6, ni asilimia 50 kamili, sawa na kurusha sarafu. Mtihani halisi haupangwi kwa bahati nasibu namna hiyo, lakini hesabu inaonyesha mwelekeo: kuacha mada mbili tatu za insha kwa sababu nzuri ni uamuzi unaoweza kutetewa, ilhali kuacha nusu ni kucheza kamari na alama 15.

Msomaji aliyeko Kenya atapata majibu tofauti kwa hesabu hiyohiyo, kwa sababu mtihani wa KCSE una karatasi mbili, ya kwanza ikielemea jiografia ya maumbile na kazi ya ramani, ya pili ikielemea shughuli za binadamu, takwimu na picha. Katika kila karatasi Sehemu A ina maswali matano mafupi ya lazima yenye alama 25, na katika Sehemu B swali la 6 ni la lazima, kisha mtahiniwa huchagua mawili kati ya manne yaliyobaki. Kwa kuwa yapo manne ya kuchagulia, mtu aliyeacha mada 4 kati ya 12 atakwama mara moja tu katika kila 15 hivi. Hiari yake ni pana zaidi, ingawa maswali yale matano mafupi huokotwa popote na hayamhurumii aliyefunga sura nzima ya kitabu.

Tengeneza jedwali la mada

Chukua karatasi kubwa na uandike mada zote za muhtasari kwa kushuka, kila mada pamoja na mada zake ndogo. Hapa mada ndogo zina uzito kuliko vichwa, kwa sababu "nguvu zinazoathiri uso wa dunia" ni kichwa kimoja kinachobeba mikunjo, mipasuko, volkano, matetemeko, kuvunjikavunjika kwa miamba, kazi ya mito, upepo, barafu na mawimbi, na anayesema ameisoma mada hiyo huwa ameisoma volkano.

Mbele ya kila mada ndogo andika mambo manne. La kwanza ni mara ngapi imetoka katika karatasi za miaka saba au minane iliyopita, na katika sehemu gani. La pili ni namna ilivyoulizwa, kwa kuwa kuna mada ambazo karibu kila mara huuliza tofauti kati ya vitu viwili, nyingine huuliza sababu na athari, na nyingine hutaka mchoro. La tatu ni alama uliyoipata wewe ulipojaribu swali lake bila kufungua daftari. La nne ni makisio ya saa utakazohitaji ili utoke hapo ulipo ufike kwenye jibu zuri.

Kwa jambo la kwanza na la pili usitegemee karatasi za mitihani peke yake. NECTA hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na humo kila swali huelezwa kwa kuonyesha lilipimwa kutoka mada gani, asilimia ngapi ya watahiniwa walifanya vizuri, wastani au vibaya, na makosa yaliyojirudia. Matokeo hupangwa kwa makundi matatu: alama 65 hadi 100 kwa mia huhesabiwa kuwa vizuri, 30 hadi 64 wastani, na 0 hadi 29 dhaifu. Taarifa hizo zimeandikwa kwa Kiingereza na zina kurasa nyingi, lakini ukizisoma za miaka mitatu utajifunza zaidi kuhusu kile mtahini anachokitaka kuliko katika mikesha mingi ya kukariri. Zinaonyesha hata sampuli za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono na watahiniwa wenyewe. Inashangaza jinsi zinavyosomwa na wachache.

Jambo la tatu ndilo ambalo wengi hulikwepa, kwa sababu linaumiza. Chagua swali moja la zamani kwa kila mada, lijibu kwa muda uleule ambao ungekuwa nao katika chumba cha mtihani, kisha mpe mwalimu au mwenzako aliye makini alisahihishe. Hisia ya "hii naijua" haifai kuandikwa kwenye jedwali, kwa kuwa mada iliyosomwa mara nyingi huonekana inafahamika hata pale ambapo mwenyewe hawezi kuandika hoja nne za maana juu yake. Kinyume chake pia hutokea: mwanafunzi anayeiogopa takwimu akijipima hugundua kwamba anachokosa ni kanuni moja tu ya kupanga makundi, jambo la jioni moja.

Mada za stadi zitangulie

Jedwali likishakamilika, kwa watahiniwa walio wengi litaonyesha kwamba mahali pa kuanzia ni kazi ya ramani, matumizi ya takwimu, usomaji wa picha, upimaji wa awali wa ardhi na utangulizi wa utafiti. Sababu ni tatu, na zinafaa kuelezwa kwa urefu kidogo.

Kwanza, stadi hizi zimekuwa na maswali yake ya lazima kwa muda mrefu, kwa hiyo huna haja ya kujiuliza kama zitatoka. Pili, ramani hubadilika kila mwaka lakini kazi inayofanywa juu yake ni ileile. Mtahiniwa hutakiwa kutaja mahali kwa rejea ya gridi yenye tarakimu sita, kupima umbali wa barabara iliyopinda na kuugeuza kuwa kilometa, kukadiria eneo, kutafuta uelekeo kwa nyuzi, kuchora mkato wa ardhi, na kueleza kutokana na alama za ramani watu wa eneo hilo wanafanya shughuli gani. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 ni sawa na kilometa 1, na mraba mmoja wa gridi ya kilometa moja kwa moja ni kilometa moja ya mraba. Mwenye kulijua hilo kwa vitendo ameshakamata sehemu kubwa ya hesabu za swali. Hata ile hesabu inayowatisha wengi, ya kuonyesha mchoro wa mkato umeukuza mwinuko mara ngapi kuliko umbali, ni mgawanyo mmoja: ukitumia sentimita 1 kwa mita 50 kwenda juu, kipimo cha wima ni 1:5,000, na 50,000 ukiigawa kwa 5,000 unapata mara 10.

Tatu, na hili husemwa kwa nadra, mtihani huu huandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi ambaye Kiingereza chake cha kuandika ni dhaifu hupoteza alama katika insha hata pale anapoijua mada barabara, lakini katika ramani, takwimu na mchoro wa upimaji jibu lake ni namba, mstari, grafu au sentensi fupi. Kwa hiyo gharama ya lugha iingizwe katika makisio ya saa. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, saa tano za takwimu zina faida kubwa kuliko saa tano za sera za utalii, na asione aibu kuupanga mpango wake kwa kulizingatia hilo.

Katika takwimu, jizoeze kuchora grafu ya mstari, ya mihimili na chati ya duara kwa data za kweli, kwa kuwa data za kweli zitakufaa tena kwingine. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini, na ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ukikokotoa ongezeko la asilimia 37 hivi kwa miaka kumi, umefanya zoezi la takwimu na papo hapo umejipatia mfano wa kuandika katika insha ya idadi ya watu. Katika upimaji, jua hatua za upimaji kwa mnyororo, vifaa vyake na vikwazo vyake. Katika picha, tofautisha picha za ardhini, za angani zilizopigwa wima na za mshazari, kisha jizoeze kutoa ushahidi kwa kila dai, kwa maana mtahiniwa anayeandika kwamba eneo lina mvua nyingi bila kutaja mimea anayoiona pichani hupewa nusu ya alama au chini yake.

Kuna mada nyingine ndogo inayostahili kuwekwa katika kundi hili ingawa hufundishwa kidato cha kwanza, nayo ni latitudo, longitudo na hesabu ya saa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika 4, na mashariki hutangulia. Ikiwa ni saa sita mchana kwenye longitudo 0, kwenye nyuzi 45 mashariki ni saa tisa alasiri. Ni kazi ya jioni mbili, na haisahauliki kirahisi.

Kisha mada zinazobeba nyingine

Baada ya stadi, zipe nafasi mada ambazo ukizielewa unakuwa umeelewa nusu ya mada nyingine. Jiografia imesukwa hivyo, na anayesoma kila mada kama kisiwa hulipia kitu kilekile mara mbili.

Tabianchi ndiyo ya kwanza kwa maoni yangu. Ukijua kwa nini mteremko wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua nyingi kuliko wa kaskazini, kwa sababu unakabiliana na pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi, unaweza kueleza kwa nini kahawa na migomba imestawi upande wa Moshi, kwa nini makazi yamesongamana huko, kwa nini misitu imekatwa, na kwa nini ufugaji umetawala nyanda kavu. Hoja za kilimo, makazi, misitu na mazingira zote zimetokea humo. Anayekariri "sababu za kilimo cha kahawa" bila tabianchi huwa na orodha, na orodha husahauliwa kwa woga wa chumba cha mtihani.

Ya pili ni mipasuko na volkano, ambazo Afrika Mashariki tunaishi juu yake. Bonde la Ufa peke yake hutoa mifano ya Ziwa Tanganyika lenye kina cha takribani mita 1,470, kreta ya Ngorongoro, mlima wa volkano hai wa Ol Doinyo Lengai, magadi ya Ziwa Natron, umeme wa mvuke wa Olkaria nchini Kenya, udongo wenye rutuba wa volkano, na watalii wanaokuja kuyaona hayo yote. Usambara na Uluguru, ambazo ni milima iliyoinuliwa kati ya mipasuko, hukuletea mfano wa mvua za milimani na mmomonyoko wa udongo. Mwanafunzi aliyeisoma mada hii vizuri anaingia katika swali la utalii, la nishati au la madini akiwa na nusu ya jibu mkononi.

Ushauri wangu wa mada za shughuli za binadamu unatokana na mantiki hiyohiyo: chagua eneo moja au mawili uyajue kwa undani, kisha uyatumie katika mada nyingi, badala ya kukariri mfano mpya kwa kila kichwa. Bonde la Rufiji linatosha kuonyesha ninachokisema. Mito ya Kilombero na Ruaha Mkuu huungana katika mfumo huo. Juu kuna mashamba ya mpunga ya Usangu yanayotegemea umwagiliaji, na mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayozalisha umeme. Katikati kuna mashamba ya miwa ya Kilombero. Chini yake kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ndani ya eneo ambalo sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Na mwisho kuna delta yenye misitu ya mikoko inayokabiliana na kisiwa cha Mafia. Mafuriko ya Aprili 2024 katika wilaya ya Rufiji yanaingia humo pia. Kwa eneo hilo moja unaweza kujibu swali la matumizi ya maji, nishati, kilimo, misitu, utalii, kazi ya mto katika hatua yake ya uzeeni, na migongano ya mazingira kati ya watumiaji wa juu na wa chini.

Hata hivyo, pale muhtasari unapotaja nchi fulani kwa jina kama mfano wa mada, mfano huo usiukwepe. Mtahini akiuliza juu ya nchi nyingine, Rufiji haitakuokoa.

Mada za kuacha, na namna ya kuziacha

Baada ya makundi hayo mawili zitabaki mada za insha ambazo hazibebi nyingine na ambazo jedwali linaonyesha kwamba zitakugharimu saa nyingi. Hapo ndipo pa kuchagua mbili au tatu za kutochimba. Vigezo ni hivi: iwe mada ambayo alama yako ya kujipima ni ya chini, ambayo mahitaji yake ya kukariri ni makubwa, na ambayo maarifa yake hayatumiki kwingine. Kwa mwanafunzi mmoja itakuwa kazi ya barafu, kwa sababu hajawahi kuona mazingira yake na majina ya maumbo yake yanamchanganya. Kwa mwingine itakuwa viwanda. Hakuna orodha moja inayowafaa wote, na ndiyo sababu sijaandika orodha hapa.

Kutochimba si kufuta. Sehemu A huokota vipengele vyake 16 popote pale, na Sehemu B inaweza kukuletea swali la mada uliyoiweka kando. Kwa hiyo kila mada uliyoiacha ipewe saa moja au mbili za kiwango cha chini: fasili zake kuu, istilahi kumi hivi, mchoro mmoja kama upo, na hoja tatu zinazoweza kuandikwa kwa sentensi kamili. Kwa maandalizi hayo swali la alama 9 lisilotarajiwa linaweza kukupa 3 au 4, na vipengele vya kuoanisha havitakutoa jasho.

Usiache mada kwa kigezo cha kwamba "ilitoka mwaka jana, haiwezi kurudi." Pitia karatasi za miaka minane na utaona mwenyewe mada zinazofuatana miaka miwili au mitatu mfululizo, kwa sura tofauti. Marudio ya mada yana maana moja tu iliyo salama, kwamba mada ambayo hutoka mara kwa mara inastahili kusomwa. Kimya cha mada fulani hakiahidi chochote kwa upande wowote. Na zile karatasi za "maswali yanayotarajiwa" zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp usiku wa kuamkia mtihani zina hasara kubwa hata zikiwa za uongo mtupu, kwa sababu zinakufanya uiache mada uliyokuwa umepanga kuirudia na kukimbilia kitu kipya usiku ambao akili inahitaji kulala.

Jihadhari pia na mgawanyo wa mada katika vikundi vya kujisomea, ambako kila mmoja hupewa mada yake ya kuwafundisha wenzake. Utaratibu ni mzuri kwa yule anayefundisha. Wengine husikiliza, wakaondoka wakidhani mada imekwisha, na jedwali lao likaonyesha alama ambayo hawana. Baada ya kila kipindi cha kikundi, kila mmoja aandike jibu la swali moja peke yake.

Muda uliobaki hubadilisha uamuzi

Mwenye miezi sita anaweza kusoma muhtasari wote, na kwake kuchagua ni suala la mpangilio: stadi kwanza, zinazobeba nyingine baadaye, nyinginezo mwisho, huku akirudia stadi kila wiki kwa swali moja la ramani na moja la takwimu. Mwenye wiki sita achukue stadi zote, tabianchi, mada ndogo tatu au nne za nguvu za ndani na nje, na mada tano za shughuli za binadamu zinazoshirikiana mifano. Zilizobaki azipe kile kiwango cha chini. Mwenye wiki moja asifungue mada mpya ya insha hata moja, kwa kuwa insha ya alama 15 haijengwi kwa siku mbili. Atumie wiki hiyo kwa ramani, grafu, hesabu ya saa, istilahi za mada zote, na kurudia insha mbili tatu ambazo tayari anaziweza.

Mtihani wa utimilifu, ambao wengi huuita moko, ndio wakati wa kulirekebisha jedwali. Karatasi ikirudi iliyosahihishwa, usitazame jumla kwanza. Gawa alama ulizopoteza katika mafungu matatu: zile ulizopoteza kwa kutoijua mada, zile ulizopoteza kwa kulijibu swali ambalo halikuulizwa, na zile ulizopoteza kwa kuishiwa na muda. Fungu la kwanza peke yake ndilo linalobadilisha uchaguzi wa mada. La pili linadai mazoezi ya kusoma maneno ya amri ya swali, yaani kutambua tofauti kati ya kutaja, kueleza, kutofautisha na kutathmini, katika lugha ambayo swali litaandikwa. La tatu linadai saa mezani: karatasi ya saa tatu ni dakika 180 kwa alama 100, kwa hiyo swali la alama 9 lisikuchukue zaidi ya dakika 16, na insha moja isivuke dakika 27.

Ukishagawanya hivyo, rudi kwenye safu ya tatu ya jedwali, futa alama ya zamani ya kila mada iliyoguswa na moko, andika mpya, kisha upange upya saa za wiki zilizobaki kuanzia mada yenye pengo kubwa miongoni mwa zile za lazima.